Bembea ya Bonge

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka hadi kope. Mama mkwe kasema tena: nisipompata wa kumwangalia Bonge wiki hii, anamchukua akakae naye kwake. Mwanangu, mwenye jino moja! Nikatabasamu. Mpango ninao. Kando ya maabara ninayosafisha kuna stoo ya mafagio, haingii mtu ila mimi. Nimefunga shuka kwenye bomba la maji, ikawa bembea. Nakamua tambara kwa mkono, nabembeza kwa mguu. Bonge kalala kama mfalme. Shule ilinikimbia, akili haikunikimbia.

Jumanne, 5 Machi
Daktari wa maabara ana sura ya mfiwa. Anapima kitu kidogo mno kwa mwanga hafifu, ambao chembe zake huhesabiwa mojamoja. Anasema mwanga wenyewe una utundu wa kuzaliwa, hautulii hata usipoguswa, huo wameshaubana. Ila tangu jana umeingia mtikisiko mwingine, hawaujui unakotoka. Nikampa pole. Nikarudi kubembeza.

Jumatano, 6 Machi
Daktari anapiga mluzi! Mtikisiko una mwendo uleule mmoja, kwa hiyo wametunga hesabu ya kuuondoa. Kipimo kimekuwa safi. Akanionyesha kwenye skrini: wimbi linapanda, linashuka, linapanda. Mguu wangu ukaanza kucheza wenyewe.
Mwendo wangu kabisa. Na bomba la stoo linapita ukutani hadi chini ya meza yao.
Jasho lilinitoka hadi kwenye viatu.

Alhamisi, 7 Machi
Niliacha kubembeza. Nitubu kimyakimya, yaishe. Wapi! Hesabu yao ikawa inaondoa mtikisiko ambao haupo, kipimo kikaharibika kuliko mwanzo. Naye Bonge, kunyimwa bembea, alilia hadi madirisha yakaitika. Mfagiaji mwenzangu, tunayemwita Redio, akawaita wote. Daktari akafungua stoo. Akatazama shuka, bomba, mguu wangu. Nikaona kabisa mama mkwe anafunga nguo za mwanangu.
“Mama Bonge,” akasema taratibu, “hebu sukuma.”
Nikasukuma. Akakimbilia skrini. Nikamsikia akicheka peke yake, kicheko cha mtu asiyelala siku nyingi.
Hakunifukuza. Kasema bembea ifunguliwe bombani leo hii, na Bonge atalala ofisini kwake, mwisho wa ukumbi, mradi nisining'inize kitu popote. Nililia kwenye ndoo.

Ijumaa, 8 Machi
Mama mkwe kanuna, lakini kakubali mtoto abaki. Bonge kalala kwenye kochi la daktari, kalilowesha kidogo. Ile hesabu wameitoa, kipimo kimetulia. Redio hanisemeshi, raha iliyoje.
Ila kochi halibembei, na Bonge anageukageuka, maskini. Nimeangalia juu. Dari la ile ofisi lina bomba pia, tena nene, haliwezi kutikisika hilo. Linaelekea upande wa maabara, lakini naamini linaishia njiani.
Jumatatu naja na shuka. Nimeshamwambia jirani alete na mapacha wake.