Funda Nililolimeza

Leo nimeumbuka. Nimemeza.

Kambi nzima ya mbao ilisikia, maana koo langu lilitoa mlio kama chura anayetumbukia mtoni. Tito Mgaya, mwenzangu wa msumeno, akapiga kelele: "Amemeza! Jamani, Lukas amemeza!"

Kamwene, ndugu zangu wa Makambako. Nawaandikia upesi kwa sababu lori la mbao linashuka huko kesho, na dereva wake ana mdomo. Yasikieni kwangu kwanza.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya Njombe na haukutaka kuamka. Mimi juu ya gogo, Tito chini shimoni, msumeno unapanda na kushuka kati yetu. Kazi ile ikikolea mtu huota macho wazi. Unga wa mbao unanukia. Humwoni mwenzako, huoni hata miguu yako, unasikia tu shwaa, shwaa, kama mtu anayepumua usingizini. Nikajiona naelea.

Kumbe naelea kweli! Gogo lilikuwa linabingirika.

Nikaanguka shimoni. Gogo likapita jirani na sikio langu, likatulia. Tito alikuwa amechomoa kabari inayolizuia, akaitumia kuegemeza sufuria yake ya chai. (Nimerudi mzima kutoka vita vya Wajapani kule Bama, halafu nife kwa chai ya Tito?)

"Wewe Tito, unataka kuniua?"

"Kaka Lukas, sufuria ilikuwa inainama."

"Na mimi je, sikuinama?"

Tukashikana mashati. Nyapara Sanga akaja mbio. "Bwana mwenye mbao hataki wagomvi kwenye msumeno mmoja. Patananeni leo, la sivyo msumeno nampa mtu mwingine." Nikaogopa. Goti lilishavimba kama boga, na kwa umri wangu nani ataniajiri tena?

Desturi mnaijua. Kila mmoja anasema lililomkera, anashika funda la maji mdomoni, kisha mnatema chini pamoja. Hasira imetoka. Ukimeza, umeirudisha tumboni, na hampatanishwi tena mpaka mwezi uandame.

Nikasema yangu. (Yalikuwa mengi.) Tito akasema, "Nisamehe, kaka," na machozi yakamlenga. Moyo wangu ukalainika, nisiwafiche. Tukajaza maji mdomoni.

Hapo Sanga, ambaye ni mzee wa kanisa, akainua mkono: "Kabla ya kutema, tuombe."

Tukafumba macho. Akaombea mvua. Akaombea Mfalme wa Waingereza. Akaombea walio safarini kwenda Ludewa. Akaingia kwa ng'ombe wa mkwewe kule Matembwe, akawaombea mmoja mmoja kwa rangi zao. Maji yakapata joto mdomoni. Ukungu ukaniingia ndani ya kichwa, mweupe, laini. Sauti ya Sanga ikaenda mbali, mbali, na mimi nikawa mtoto kwenye mianzi ya mama yangu, majani yanadondosha umande. Mama, ambaye hayupo siku nyingi, akanishikisha kibuyu cha ulanzi, pombe iliyogemwa kwenye mianzi ile. "Kunywa, mwanangu, umechoka."

Nikanywa.

Tito alishtuka, akatema yake yote kwenye koti la Sanga, ndipo akapiga kelele ile. Kwa hiyo hasira yake imetoka. Ya kwangu iko tumboni.

"Nipeni maji mengine!" nikasema. "Nilisinzia tu!"

"Mtu aliyesamehe hasinzii," akasema Sanga, anajipangusa. "Una kinyongo, mzee."

Msumeno amepewa shemeji yake Sanga, aliyefika kambini leo hii. Mimi nazoa unga wa mbao, nachechemea, na Tito ananipungia mkono kutoka shimoni.

Msicheke. Kabari aliichomoa Tito, maombi aliyarefusha Sanga, na mimi nilikwisha kusamehe kabla hata hatujafika kwa ng'ombe mwekundu. Sasa Sanga anijibu mbele ya watu: shemeji yako alijuaje kuja kazini leo na kofia ya mpasua mbao tayari kichwani?