Tela Lisilo na Mwenyewe

Lusungu alikuwa na imani mbili maishani. Ya kwanza, kwamba mpaka wa Tunduma uliwekwa pale ili watu wenye akili wasilale njaa. Ya pili, kwamba mtu anayekitazama kitu kwa muda mrefu anataka kukinunua. Imani ya kwanza haikuwahi kumtupa. Ya pili ndiyo iliyomvua viatu, na habari yenyewe ilikuwa hivi.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye mji mdogo wa Mpemba, jirani na Tunduma, amekaa juu ya pikipiki yake mbele ya banda la Brenda, akisubiri chapati. Banda hilo limeegemea ukuta wa yadi ya fundi Yesaya, mchomeleaji wa mageti na matela. Yadi ilikuwa kimya. Yesaya alikuwa amekwenda Ileje kumzika mjomba wake, na msiba wa Ileje hauna haraka. Mtu hazikwi watu wakatawanyika kama wametoka mnadani. Kwa desturi ya pale, fundi akienda msibani geti halitiwi kufuli. Jirani ndiye kufuli, na jirani alikuwa Brenda.

Ndipo Lusungu alipomwona mama mmoja wa makamo, mwenye kitenge na sweta, amechuchumaa katikati ya yadi mbele ya tela. Lilikuwa tela la ekseli moja, chuma kitupu kisicho na rangi, limeanza kutu pembeni. Mama akalitazama. Akalizunguka. Akachuchumaa tena, akalitazama upya.

Lusungu akashuka kwenye pikipiki. Akavaa miwani yake ya jua, ingawa jua lenyewe lilikuwa bado halijatoka kwenye ukungu, akaingia yadini kwa mwendo wa mtu mwenye mali.

“Shikamoo, mama. Naona umelipenda tela langu.”

Mama akageuka polepole. Akamwangalia kuanzia viatu vyake vilivyochongoka mpaka kwenye miwani, bila haraka.

“Marahaba, mwanangu. Kumbe hili ni lako?”

“Langu kabisa. Nilimwagiza fundi anitengenezee. Sasa biashara imenihamishia Zambia, ndiyo maana naliachia kwa bei ya undugu.”

Tuseme kweli tupate kwenda mbele: Lusungu hakuwa na tela. Hakuwa na toroli, wala biashara Zambia, labda tuhesabu simu moja iliyopotea huko Nakonde, na hiyo tusiitaje mbele ya watoto.

“Mimi naitwa Mama Rozi,” mama akasema. “Napeleka pikipiki Ivuna. Wachimba chumvi na wafugaji wa kule wanazitaka sana. Lakini ukiziendesha mpaka huko zinafika zimechoka, mteja anaiona mpya kama kuukuu. Nataka zifike zimebebwa.”

“Basi umefika, mama. Hili ni la pikipiki hasa.”

“Ekseli moja inatosha?”

“Ndiyo ya kisasa. Zikiwa mbili zinagombana.”

“Zinagombana?”

“Kila moja inataka njia yake, mama. Mambo ya wake wenza.”

Mama Rozi akakohoa kidogo, akaufunika mdomo kwa ncha ya kitenge. “Na likiwa tupu halirukiruki?”

“Linaruka, lakini kwa furaha tu.”

Mama akasogea mbele ya tela. Mguu wa kulisimamisha ulikuwa umekwama juu. Akaupiga teke dogo kwa kisigino, upande wa kushoto, bila hata kuutazama, nao ukashuka. Lusungu akajisemea kwamba huyu mama ni mtaalamu, atalipa vizuri. Hapo ndipo alipoacha kufikiri kwa siku hiyo.

“Basi nipe kishika uchumba,” akasema, “nisilionyeshe kwa mtu mwingine.”

“Hapana, mwanangu. Kwetu Mbozi hatununui jembe bila kulitia mpini na kulipiga udongoni. Hili ni fremu tu. Pikipiki itasimama wapi? Nataka mifereji ya kukaa magurudumu, na mbele kizuizi cha kushika tairi lisiyumbe. Nataka bati nene la kupandishia. Pete za kufungia, mikanda minne yenye mkono wa kukazia, taa za nyuma, tairi la akiba. Vikiwa tayari kesho mchana, nakuja na huu.”

Akaupapasa mfuko wa turubai uliokuwa ukining'inia begani. Ulikuwa umeshiba. Lusungu akaupenda papo hapo, upendo wa kweli usiouliza kabila.

Mama Rozi alipotoka alisimama kwa Brenda, akanunua chapati, wakanong'onezana, wakacheka. Alipoondoka, Brenda akamwita.

“Kaka Lusungu, huyo mama unamfahamu?”

“Brenda, mimi mteja namfahamu kwa harufu.”

“Haya,” Brenda akasema, akageuza chapati. Tumtendee haki Brenda: aliuliza.

Sasa Lusungu alikuwa na kazi asiyoizoea, yaani kazi. Mfukoni hakuwa na kitu, lakini mwilini alikuwa na mali. Alikwenda kwenye foleni ya malori kule mpakani, akamkuta dereva wa Kizambia amejilaza chini ya lori lake, akamsalimia kwa lugha ya kwao.

“Mulishani, mukwai!”

“Bwino. Unataka nini?”

Alitaka mikanda minne. Dereva alikuwa nayo ya kuzidi, akaipima kwa macho, kisha akampima Lusungu. Akaonyesha koti la ngozi. Lusungu akalivua, na baridi ya Tunduma ikamkaribisha kwa mikono miwili. Dereva akaonyesha na miwani. “Kaka, miwani ni ya urembo tu,” Lusungu akalalamika. “Na mimi nataka urembo,” dereva akajibu, akaivaa.

Tairi la akiba lilikula simu. Taa za nyuma alizipata kwa muuza vipuri aliyekuwa na mguu sawa na wake, akatoka dukani amevaa ndala za bluu. Mifereji, kizuizi, pete na bati vilichomelewa na fundi Deus wa yadi ya pili, mtu asiyependa maneno, ambaye alichukua spika ya muziki iliyokuwa imefungwa kwenye pikipiki ya Lusungu, akaiwasha palepale, akachomelea akiisikiliza.

“Mbona kizuizi unakiweka mbele sana?” Lusungu akauliza, maana sasa alikuwa anajiona mwenye tela.

“Uzito ukikaa nyuma, tela linanyanyua mkia wa gari. Linayumba, linakuua.”

“Mimi sitalivuta.”

“Basi linamuua mwenzako,” Deus akasema, akashusha kofia ya kuchomelea. Na jambo la ajabu, Lusungu akamwacha akiweke panapotakiwa.

Kesho yake mchana tela lilikuwa limetengenea. Hata mwenyewe alishangaa. Alilipitishia kitambaa, akazijaribu pete moja moja kwa kuning'inia, na kwa muda mfupi akasahau kwamba ni la kuibia watu.

Mama Rozi akaja na pikapu nyeupe. Akalikagua. Akasukuma kizuizi, akakanyaga bati, akavuta mkanda mmoja mpaka ukalia.

“Umefanya kazi, mwanangu. Sasa tulipige udongoni. Weka pikipiki juu, nilizungushe mpaka mzani wa malori nione kama linatulia.”

“Pikipiki gani, mama?”

“Si hiyo yako?”

Lusungu akageuka akaitazama. Hapa lazima msomaji ajue kitu. Pikipiki ile ilikuwa mali pekee ya Lusungu ambayo alipoipata hakuna aliyelia. Mama yake alivuna kahawa misimu kadhaa huko Iyula, akajinyima kitenge na dawa ya mgongo, akamnunulia ili afanye bodaboda kama vijana wenzake. Kwenye madigadi ya nyuma kijana aliandikisha mwenyewe kwa rangi nyekundu: KAHAWA YA MAMA. Lusungu alikwisha kuuza vitu vingi, vyake na visivyo vyake, lakini pikipiki ile hakuwahi hata kuiazimisha.

Lakini mfuko ulikuwa begani kwa Mama Rozi, umeshiba vilevile. Na kuzunguka mpaka mzani ni mwendo mfupi tu.

Akaipandisha. Akaingiza tairi la mbele kwenye kizuizi, akafunga mikanda miwili mbele na miwili nyuma, akaikaza mpaka springi zikakaa chini. Mama Rozi alikuwa amesimama nyuma anasoma madigadi.

“Kahawa ya mama yupi, hii?”

Sijui ni nini kilimpata. Labda ni ule mkono uliokuwa bado umeshika mkanda, labda ni baridi. Lusungu, ambaye tangu jana hakuwa amemwambia mama huyu neno la kweli isipokuwa shikamoo, akajibu kwa sauti ya chini:

“Mama yangu, Ruti wa Iyula, pale nyuma ya kanisa. Aliniamini.”

Mama Rozi akayapapasa maandishi yale kwa kidole. Kisha akavua mfuko begani.

“Nishikie huu mpaka nirudi. Siwezi kutembea nao barabara hii, ina vijana wajanja. Funguo ya pikipiki niachie mimi, ili na wewe usiwe na wasiwasi kwamba nimekupa mfuko bure.”

Maneno yale ukiyatafakari hayana mantiki yoyote. Lusungu hakuyatafakari. Mfuko ulikuwa mikononi mwake, mzito kuliko alivyoota, umefungwa kwa kamba ya katani. Akatoa funguo. Pikapu ikanguruma, tela likafuata nyuma limetulia, na madigadi yenye maandishi mekundu yakaingia barabara kuu.

Akabaki na mawazo mawili. La kwanza lilisema subiri. La pili lilisema pikipiki ni moja na huu ni mfuko. Akaangalia barabara, roho ikamuuma kweli, akatamka kwa sauti, “Mama, nisamehe, nitakununulia shamba.” Kisha akakimbia upande wa pili, ndala zikipiga visigino kama makofi ya watazamaji.

Hakusimama mpaka foleni ya malori. Akajibanza katikati ya matela mawili marefu, akakata kamba kwa meno. Akaingiza mkono. Kulikuwa na kitu cha punje punje. Akaingiza mkono wa pili. Akaonja.

Ilikuwa chumvi. Chumvi ya Ivuna, nzuri, safi, iliyojaa mpaka mdomoni mwa mfuko.

Dereva wa Kizambia alikuwa anapita, koti la ngozi mwilini na miwani usoni. “Mukwai,” akasema kwa heshima, “unauza?”

Lusungu alirudi Mpemba akikimbia kwa njia ileile, mfuko kifuani. Yadini hapakuwa na pikapu wala tela. Palikuwa na Brenda, ameshika simu, anamsubiri.

“Ongea na mwenye tela,” akasema.

“Mwenye tela nani?”

“Si nilikuuliza kama unamfahamu? Alimpa fundi Yesaya kazi hii kabla ya mvua. Jana alikuja kuangalia imefikia wapi, akakukuta wewe.”

Lusungu akaipokea simu kama mtu anayepokea kaa la moto.

“Mwanangu,” sauti ya Mama Rozi ikasema, na nyuma yake upepo wa barabarani, “tela linatulia kabisa. Nashukuru. Yesaya angenichelewesha mpaka mavuno.”

“Mama, pikipiki yangu.”

“Siyo yako. Wewe umeiuza kwa mfuko wa chumvi, Brenda amekuona unavyokimbia. Ungenisubiri, ningekurudishia palepale na shukrani juu. Sasa nairudisha kwa mwenye kahawa. Nipo karibu na Iyula.”

“Usiende kwa mama! Mama Rozi, nakuomba. Nipeleke polisi.”

“Polisi utawadanganya. Hiyo chumvi usiitupe, nitamwambia mama yako kwamba unamletea.” Na simu ikakatika.

Akampigia magoti Brenda kwa nauli. Brenda akampa, na chapati ya jana juu yake, maana naye alikuwa na moyo.

Jioni ilipokaribia alishuka Iyula, ndala miguuni, hana koti, mfuko wa chumvi kichwani. Mama yake alikuwa kwenye kichanja, akigeuza kahawa iliyoanikwa. Pikipiki ilikuwa imesimama chini ya upenu, safi, hata matope imefutwa. Mama hakuacha kazi yake.

“Umeleta chumvi?”

“Nimeleta, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Amepita hapa Mama Rozi. Amekusifu sana. Amesema umemtengenezea tela zima kwa mikono yako na hukumdai hata senti. Nimefurahi mpaka nikalia.” Akageuza kahawa. “Viatu viko wapi?”

“Vilikuwa vinanibana.”

Mama akainua pindo la khanga yake. Kwenye ncha palikuwa na fundo, na ndani ya fundo palionekana umbo la funguo. Akalikaza kwa meno, likawa gumu zaidi.

“Koti?”

“Nimemwazima rafiki.”

Akafunga fundo la pili juu ya lile la kwanza.

“Nina khanga ndefu, Lusungu,” akasema, “na mgongo wangu unauma. Anza upya.”

Lusungu akautua mfuko chini. Akatafuta uongo, na kwa kawaida uongo ulikuwa ukimjia kabla hajauita, lakini mbele ya mikono ile yenye maganda ya kahawa haukuja hata mmoja. Akakaa kwenye udongo, miguu mitupu.

“Nilimwona mama mmoja anatazama tela, nikadhani halina mwenyewe,” akaanza, na mama yake akavuta kigoda, akakaa, akaanza kufungua fundo la juu.