Lalamiko la Nne Kuhusu Nyumba ya Kanyenye

Kwa Mheshimiwa Wakili Abdulnasser,
mwenye ofisi ya mawakili iliyo juu ya duka la magodoro,
Tabora mjini.

Mheshimiwa Wakili,

Salamu zikufikie wewe na wote wa nyumbani kwako. Sisi huku Kanyenye hatujambo, ukiacha goti langu la kushoto. Anayekusemesha ni mie Eustadia, mama Fikiri, mjane wa Silasi fundi cherehani. Anayeandika ni Bi Zeyana, jirani yangu wa ukuta mmoja, maana mie shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni. Ukikuta mahali wino umekolea, jua hapo Zeyana kakasirika, si mie.

Nina malalamiko matano. Nyumba yangu naiuza tangu mwaka jana mwezi wa kumi, na mpaka leo haijauzika, na mnunuzi ninaye. Anaitwa Ngollo, mtu wa Nzega, mfanyabiashara wa mchele. Mwanangu Fikiri kanijengea chumba kwake Ntalikwa, kina dari na choo cha ndani, kwa sababu nilianguka uani nikalala palepale chini mpaka Zeyana alipoona mbona leo hanisikii nikigomba na kuku. Basi kila mtu yuko tayari. Anayetuchelewesha ni ofisi yako, na hasa yule binti wa meza ya dirishani, Wakili Julieth.

La kwanza. Wakili Julieth ana adabu, siwezi kumsingizia. Ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, halafu ananidai karatasi. Siku ya kwanza kaniuliza mwenza wangu yuko wapi, aje aridhie nyumba kuuzwa. Nikamwambia Silasi ana miaka kumi na mmoja makaburini, na hata alipokuwa hai hakuwahi kunikatalia kitu. Akataka uthibitisho kwamba kafa. Kesho yake nikampelekea Lukumani. Huyu Lukumani ni Mzaramo, mstaafu wa reli, mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu babu zake na babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo njia moja ya kwenda pwani. Siku tuliyomzika Silasi, yeye ndiye aliyeingia kaburini akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Sasa Mheshimiwa, kama Silasi hakufa, Lukumani alilala wapi? Alipoona binti haelewi, akajilaza sakafuni hapohapo ofisini kwako amwonyeshe. Binti akamwita mlinzi. Lukumani akasema hainuki bila soda. Soda nikamnunulia, tena ya baridi. Uthibitisho ukakataliwa. Ikabidi niende kufuatilia cheti cha kifo, kisha mahakamani kwa habari ya mirathi, kikabandikwa kitangazo kwamba mwenye pingamizi ajitokeze. Akajitokeza Lukumani. Anadai soda ya pili.

La pili ni dole gumba. Nimelipaka wino mara tisa. Wakili Julieth anasema halina mistari, linatoka doa tu. Ataka mistari gani? Dole hili limebangua karanga miaka hamsini, limegeuza makaa, limesukuma sindano Silasi alipougua macho. Mistari imekwenda na kazi. Wino ule umekaa kwenye kitambaa cha meza yenu, kwenye kanga yangu, na kwenye shavu la mlinzi, hilo la shavu sitaki kulieleza. Kote huko umetoka mzuri. Kwenye karatasi tu ndiko mnakoukataa.

La tatu ni mkataba. Binti alinisomea: nyumba moja ya kudumu, vyumba vinne, haina kasoro wala mgogoro. Nikamwambia simama hapohapo. Mie nakomunika kanisani kila Jumapili, siwezi kuweka dole kwenye uongo. Kasoro zipo, ziandike. Mlango wa mbele haufunguki mpaka uunyanyue kidogo ukisukuma na nyonga. Chumba cha pili kinavuja mvua ikitoka upande wa Kipalapala, ikitoka kwingine hakivuji. Na kuna kidirisha. Silasi alitoa matofali mawili kwenye ukuta kati yangu na Zeyana, mwaka ambao kiberiti kilikuwa hakipatikani, ili tupeane moto. Kiberiti kikarudi madukani, sisi tukaendelea na makaa. Pilau ya Idi imepita hapo, maandazi ya Krismasi yamepita hapo, Fikiri mwenyewe akiwa na miezi miwili alipitishwa hapo siku mlango ulipokwama, mie niko nje, yeye na Silasi wako ndani. Wakili Julieth akasema, Bibi, hayo hayaingii kwenye mkataba. Kama hayaingii, mnauza nini? Bati?

La nne Zeyana hataki kuliandika. Anasema kalamu imekwisha wino. Basi.

La tano. Wino umerudi. Huku kuchelewa kwenu kunaiharibu nyumba yangu. Mwezi wa kwanza Ngollo alitaka kupaka rangi tu. Mwezi wa pili akataka kuongeza baraza. Sasa kaja na futi, kapima ukuta wa upande wa Zeyana, anasema utavunjwa, zijengwe fremu tatu za maduka. Mtu anangoja, hana la kufanya, anawaza. Mkimchelewesha mpaka Idi nyingine atafikia ghorofa, na ghorofa hiyo itakuwa juu yenu.

Na mie nimeshafunga mizigo. Godoro limefungwa kamba tangu kabla ya Ramadhani, nalala kwenye mkeka. Kila jioni Zeyana anakuja kunisaidia kufunga vyombo, na kila asubuhi anakuja kuazima kilekile tulichokifunga, kwa hiyo tunafungua. Nikiuliza ofisini, Wakili Julieth ananijibu neno lilelile: Bado karatasi moja tu, Bibi.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni dogo. Nyumba iwe imeuzwa kufikia Ijumaa. Ikishindikana, Wakili Julieth ahamie hapa kwangu alale kwenye mkeka, apikie sufuria iliyofungwa, avujiwe chumba cha pili, na mie nipewe meza yake ya dirishani. Nitawaamkia watu vizuri na sitamdai mtu karatasi. Ikishindikana na hilo, nitamleta Lukumani ajilaze mlangoni kwako, na safari hii sitamlipia soda.

Nisalimie mkeo na wanao. Msalimie mlinzi, mwambie wino ule unatoka kwa mafuta ya taa. Mwenye duka la magodoro chini yako mwambie sijamsahau. Wakili Julieth mwambie marahaba, ya akiba, ya siku nitakayokuja.

Ni mie ninayelala chini kwa ajili yenu,

Eustadia, mama Fikiri
(dole gumba, jaribio la tatu kwenye barua hii)

Nyongeza. Nimelikumbuka la nne, na Zeyana ataliandika hata kama hataki. Hiyo karatasi moja inayokosekana ni ile ya jirani kukubali mpaka wa nyumba. Wakili Julieth alimpa Zeyana aisaini mwezi wa pili. Zeyana akasema ataisaini akiipata miwani yake. Miwani anayo puani, ndiyo anayoandikia barua hii. Baadaye akasema karatasi yenyewe imepotea. Haikupotea. Imekunjwa mara nne, imechomekwa kwenye ufa wa kidirisha, upande wake, na naiona kila asubuhi nikipokea makaa. Ina miezi mitano pale. Sijaigusa, wala sijamwambia Fikiri. Andika, Zeyana, usinitazame. Mheshimiwa Wakili, tafadhali msituletee nyingine.