Jumamosi Saa Mbili, Kiti cha Mbele

Jumatatu, 21 Julai

Nimeingia matatani kwa mdomo wangu mwenyewe. Si mara ya kwanza, ila safari hii matata yana mbawa nne.

Joëlla, binti yangu wa mwisho, miaka kumi na tisa, amechaguliwa kujifunza urubani. Nafasi ni moja tu. Nilipopata habari nilifurahi kupita kiasi. Ofisini, mtaa wa Rohero, ambako kazi yangu ni kutunza mafaili ambayo hakuna anayeyataka, nilisimama kwenye korido nikamtangazia kila mtu, pamoja na mwanamke mmoja aliyekuja tu kutafuta cheti cha kuzaliwa. Nikaongeza kwamba urubani uko kwenye damu yetu. Damu gani? Marehemu baba aliogopa ngazi ya kuchumia maparachichi. Mimi nikibadilisha balbu, mke wangu hunishika miguu.

Jioni nikaenda na Joëlla kwenye kiwanja cha ndege cha nyasi, kule chini ya mtaa wetu wa Gasenyi, mwisho wa mashamba ya mpunga. Nilidhani kinachohitajika ni kalamu. Kumbe mwalimu, Saliha, mwanamke wa mtaa wa Buyenzi, mfupi, mpole, ana sheria yake. Mzazi hatii sahihi mpaka aruke kwanza. Akae kiti kilekile atakachokaa mtoto, dakika ishirini, ajue anatia sahihi nini.

Nikaoneshwa ndege. Wanaiita Bibi. Iliundwa mwaka 1947 kwa kufundishia marubani, na mpaka leo inafundisha. Mbawa mbili juu, mbili chini. Mbao na kitambaa. Kitambaa! Viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, bila paa. Niliubonyeza ubavu wake kwa kidole, ukabonyea. Saliha akaniomba nisibonyeze.

Nikasema naona fahari kubwa. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

Jumanne, 22 Julai

Nimelala vibaya, lakini nimeamka na akili.

Bibi huruka asubuhi tu, maana kuanzia saa nne upepo wa ziwa huanza kumsukuma. Na Saliha ana daftari. Wiki nzima imejaa watu wanaotaka kuonja anga: maharusi, mfanyabiashara wa Uvira, masista watatu. Masista! Nafasi tupu ni moja, Jumamosi saa mbili asubuhi. Nilipoiona, nilikaribia kuimba.

Kwa nini iko tupu? Kwa sababu Jumamosi asubuhi hakuna anayekwenda popote. Ni kazi za jamii. Kila mtu na jembe lake mtaani kwake, maduka yamefungwa, barabara zimefungwa, mpaka saa nne na nusu. Nimeandika jina langu kwa herufi kubwa. Jumamosi nitazuiwa na serikali yenyewe. Nitalalamika kwa uchungu. Saliha atanihurumia, ataleta kalamu, mambo kwisha.

Aliniuliza kama nina ruhusa ya kutokwenda kazi za jamii. Nikamwambia ruhusa ni kama iko mfukoni. Mfukoni kulikuwa na karanga.

Nimejiwekea na kinga ya pili. Ukutani pale kiwanjani wameandika kwamba anayekaa kiti cha mbele asizidi kilo tisini. Nimepita kwa muuza maharage nikapanda mizani yake. Themanini na nane. Kwa hiyo natakiwa kuongeza kilo mbili na kitu kwa siku nne. Mimi? Hiyo ni kazi niliyozaliwa nayo.

Jumatano, 23 Julai

Asubuhi, maandazi sita. Mchana, bugali wa muhogo na isombe ya majani yake, mara mbili. Jioni, mishikaki ya mbuzi minne na ndizi za kukaanga. Consolate, mke wangu, ameuliza kama ofisini kuna shida.

Nikiwa katikati ya mshikaki wa tatu, akatokea Valéry. Huyu ni jirani na pia ni shefu, mkuu wa mtaa wetu. Alinishinda uongozi wa kwaya kwa kura tatu, na tangu siku ile ananisalimia kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Alisema amesikia Jumamosi nitaruka, na kama kazi za jamii zitanizuia nimwambie tu, yeye ataona la kufanya.

Nikamshukuru, nikakataa. Nikamwambia sheria ni sheria, mimi siwezi kuomba upendeleo huku majirani wanashika jembe. Akanitazama kwa heshima. Mara ya kwanza tangu zile kura. Nilikaribia kumpenda.

Alhamisi, 24 Julai

Tisini na mbili! Muuza maharage ameniuliza kama anifungie.

Joëlla amerudi jioni ananuka vanishi. Vidole vyake vina alama za sindano. Kumbe mwaka mzima, kila Jumapili baada ya misa, amekuwa akimsaidia fundi Léonce kushona kitambaa cha mbawa. Mimi nilidhani ana mchumba.

Akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia ninachokiogopa duniani ni mkurugenzi mpya tu.

"Papa," akasema, "ukiogopa unaweza kusema tu."

Nikacheka. Nikacheka muda mrefu mno, mpaka mbwa wa Valéry akaanza kubweka.

Ijumaa, 25 Julai

Maafa.

Consolate alikuwa anapiga pasi shati langu akaikuta mfukoni ile fomu ya kutia sahihi. Yeye ana tabia ya kusoma vitu mpaka mwisho. Chini kabisa, herufi ndogo: masomo yanaanza Jumatatu. Mzazi asiporuka na kutia sahihi kabla ya Jumamosi saa sita mchana, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Na anayefuata ametajwa. Ni Fabrice, mpwa wa Valéry.

Nikakaa chini. Kwa hiyo hakuna huruma, hakuna kalamu. Nikizuiwa kesho, kama nilivyopanga, Joëlla amekosa. Mwaka mzima wa sindano umekwenda bure. Na hata nisipozuiwa, mizani itanikataa. Mitego miwili, yote nimeitega mwenyewe, na yote nimo.

Nikakimbia mpaka kiwanjani. Nilikimbia kweli, nikitumaini itapunguza kitu. Saliha akasema leo pamejaa, na upepo umeshaanza. Ni kesho saa mbili, kama nilivyochagua mwenyewe. Je, mama yake hawezi kuruka badala yangu? Hawezi. Fomu ina jina langu peke yangu, kwa sababu Jumatatu niliomba iwe hivyo.

Nyumbani Consolate alikuwa bado ameshika pasi. Aliitazama sufuria, akanitazama tumbo.

"Baba Joëlla. Ulikuwa unakula kwa makusudi."

Halikuwa swali.

Ikabaki kwenda kwa Valéry, kuomba ule upendeleo nilioukataa juzi kwa hotuba. Njiani nilijiambia atakataa. Ana mpwa wake, ana sababu, ana jembe la serikali. Alinikaribisha juisi ya ndizi, nikaitazama tu kwa ajili ya kilo. Yeye alimaliza glasi yake. Kisha akasema mtu kama mimi, aliyekataa kupendelewa, hawezi kuachwa akapita peke yake njiani huku wenzake wanalima. Watu watasema. Yeye ana njia bora zaidi. Nyasi za kiwanja cha ndege zimekuwa ndefu, hata Fabrice amemwambia. Basi kesho mtaa wote utafanyia kazi kule.

"Tutakuona sote, Sylvère," akasema. "Hakuna atakayekosa."

Nalala bila kula. Tumbo linaongea peke yake.

Jumamosi, 26 Julai

Niandike kabla sijaanza kuongeza chumvi.

Saa mbili kasoro, watu kama mia mbili, majembe, mapanga na mafyekeo. Kwaya nzima. Muuza maharage ameleta mizani yake kwa baiskeli, maana ile ya kiwanja imekufa. Ikawekwa katikati ya nyasi, kama madhabahu.

Nikapanda. Fundi Léonce akasoma kwa sauti ya kuhubiri: tisini na moja na nusu.

Nikavua koti. Nikavua viatu. Mkanda, simu, funguo, saa, zile karanga. Mtu mmoja wa sauti ya pili akashauri nitoe na meno, kwa sababu anajua mawili si yangu. Nikayatoa. Léonce akainama tena, akasema bado gramu chache. Watu wameacha kulima. Joëlla amesimama kando ya bawa, ameshika kofia ya ngozi ya kunivalisha.

Nikatoa pumzi yote niliyokuwa nayo. Tisini. Léonce akaandika haraka kabla sijavuta nyingine.

Hivyo ndivyo nilivyopanda ndege ya 1947: miguu mitupu, pengo mbele, mkono mmoja umeshika suruali. Saliha alikaa nyuma. Kati ya viti viwili kuna mpira mrefu wa kuzungumzia, unaingia kwenye kofia, ili mwalimu na mwanafunzi wasikilizane katika kelele. Alinieleza vizuri. Mimi nilikuwa nasali, sikumsikia.

Léonce akazungusha pangaboi la mbele kwa mkono. Saliha akasema Bismillahi. Nyasi zikakimbia, kisha zikaacha kukimbia, kisha hazikuwapo.

Wanasema kutoka juu unaona mto Rusizi unavyopinda, mabati ya mtaa wa Kigobe, na ziwa mpaka milima ya Congo. Sijui. Nilifumba macho nikaanza kuungama. Nilimwambia Mungu yote. Jumamosi nilivyoichagua. Kilo. Damu ya urubani ambayo haipo. Kwamba katika uchaguzi wa kwaya nilijipigia kura mara mbili na bado nikashindwa. Kisha nikamwambia lile lililokuwa chini ya yote: kwamba kuanguka kwangu mimi si kitu, nimeshakula vya kutosha. Lakini siwezi kutia sahihi mtoto wangu akae hapa, juu ya kitambaa, na mimi niko chini nimeshika jembe.

Masikioni ikaja sauti, karibu kabisa.

"Muzee, mi nasikia yote. Endelea tu, bado dakika kumi."

Nikaimeza amina. Saliha akaniambia nifungue macho nitazame bawa la chini, kushoto. Nikafungua moja.

Pale palikuwa na kiraka, ukubwa wa kiganja. Mishono midogo midogo, yote imelalia kulia. Ninaijua mishono ile. Ni ileile iliyo kiunoni mwa suruali niliyokuwa nimeishika. Joëlla aliipanua miaka sita iliyopita, na haijawahi kuachia, hata wiki hii, na wiki hii ilikuwa na kila sababu ya kuachia. Upepo ulikuwa unakipiga kiraka kile kwa hasira. Hakikutikisika.

Nikafungua na jicho la pili. Kwa dakika nzima sikuogopa chochote. Kisha Bibi akapinda, nikaogopa upya, lakini ile dakika ninayo.

Tulipotua nikatia sahihi. Ya kwanza ilitoka kama kuku amepita juu ya karatasi. Saliha akaleta fomu nyingine, akaishikilia isitembee. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Fabrice, kijana aliyekuwa achukue nafasi ile, na jembe lake begani. Valéry akaanzisha wimbo. Mtu anayeudhi sana, yule. Hata hasira hakuachii.

Joëlla aliniletea viatu, akapiga goti akanifunga kamba mwenyewe, maana vidole vyangu vilikuwa havijarudi.

"Asante, Papa."

Nikamwambia si kitu. Bila meno ilitoka vibaya.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya misa niliwaeleza wanakwaya kwamba huko juu Saliha aliniachia usukani nusu ya safari. Kwenye kabare, penye bia, saa saba, ilikuwa robo tatu. Saliha, namshukuru, alisema yaliyopita kwenye mpira yanabaki kwenye mpira.

Lakini jioni Joëlla ameleta barua yake. Mwezi ujao, kabla mwanafunzi hajaruka peke yake kwa mara ya kwanza, mzazi lazima apande tena kiti cha mbele, kisha atie sahihi ya pili. Nichague siku.

Nimefikiri kwa utulivu, kama mtu mzima anayejifunza kutokana na makosa. Kosa la wiki hii lilikuwa wapi? Si mpango. Mpango ulikuwa safi. Kosa lilikuwa nyasi. Nyasi ndizo zilizompa Valéry sababu ya kuleta watu kule. Sasa zimekatwa zote mpaka udongo, na hapa kwetu nyasi hazioti mwezi wa nane. Hana tena kisingizio. Na safari hii nimesoma barua mpaka mwisho, karibu mpaka mwisho.

Nimemtuma Joëlla aandike jina langu: Jumamosi, 30 Agosti, saa mbili asubuhi.

Wakati wa chakula nikamwomba Consolate aniongezee bugali. Ameitazama sahani, ameitazama kalenda ukutani. Amekwenda kumwita Joëlla aje na sindano, aipanue suruali.