Mume wa Verlene Bado Yu Hai

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia kwa heshima nikiwa mzima wa afya, na uzima huo ndio hasa ulionileta kwako. Mimi ni Delmer Stiggall, mkulima wa tumbaku hapa Kentucky, na kwa miaka arobaini na sita nimekuwa mume wa mwimbaji wa muziki wa kantri, Verlene Stiggall. Baada ya kunyamaza miaka kumi na mmoja, mke wangu ametoa albamu. Gazeti lako liliisifu, likasema kila wimbo "umechimbwa kwenye kidonda cha kweli". Kidonda chenyewe ni mimi, na sina habari nacho.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Katika wimbo wa pili ninatoroka na mhudumu wa mgahawa, tena na mbwa. Sijatoroka. Mhudumu wa mgahawa wetu ni Bi Oneida Crabtree, mwenye miaka themanini na miwili. Siku hizi ananiwekea soseji ya ziada na kunikonyeza.

2. Katika wimbo wa tano ninalewa mpaka nauza gitaa la marehemu baba yake. Mimi hunywa mtindi. Jumapili Mchungaji Lonnie aliniombea kwa jina mbele ya kanisa zima, kisha akanishika bega akasema, "Delmer, rudi nyumbani kwa mkeo." Mke wangu alikuwa ameketi ubavuni mwangu, akiitikia amina.

3. Katika wimbo wa mwisho trekta linanilalia, nakufa. Jirani yetu Harlan Pruitt, ambaye ni mgane, alikuja na maua. Mlango nilifungua mimi. Hakutahayari hata kidogo. Aliniuliza kama mjane yupo.

Nilimuuliza Verlene kwa upole kwa nini asiimbe ukweli. Akanijibu, "Mpenzi, ukweli wako niliuimba kwenye albamu iliyopita. Walinunua watu tisa, na sita ni ndugu zako."

Kwa hiyo naomba uchape, ukurasa wa kwanza, kwamba niko hai, silewi, na mbwa yuko hapa kibarazani. Tena naomba wakubwa wa jimbo wapitishe sheria: mwimbaji asimuue mume aliye hai bila saini ya mume mwenyewe.

Nisalimie wote hapo ofisini. Yule aliyeandika uhakiki msalimie kidogo tu.

Wako anayeendelea kupumua,
Delmer Stiggall

N.B. Barua ilikuwa tayari ndani ya bahasha nilipokwenda kumsikiliza Verlene kwenye maonyesho ya kilimo. Alipofika kwenye kifo changu sauti ilimkatika, na umati mzima ukavua kofia. Sijawahi kupendwa hivyo nikiwa hai. Nililia mpaka mama mmoja nisiyemjua akanipa leso, akaniuliza kama nilimfahamu marehemu. Nikamwambia tulikuwa karibu sana, na kwamba alikuwa mtu mwema. Tafadhali usichape neno hata moja la barua hii. Picha ya marehemu naambatanisha.