Wageni Wamekataa Kuiba

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mtaa,
Ntate Sekgobela,

Pokea heshima zangu, na chini yake malalamiko. Mimi ni Elphas Mabitsela, fundi wa grili na mageti. Nilianza kuchomelea vyuma kando ya barabara chini ya mwavuli. Leo nina karakana, ila sijui kama kesho nitakuwa nayo.

Kwenye mkutano wa mwezi wa pili, wewe ulipanda juu ya kreti la bia ukatutangazia: "Akihamia mgeni mmoja, wezi wanaongezeka wawili." Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilipiga hesabu. Wageni kumi na wanne, wezi ishirini na wanane. Nikakopa benki, nikajaza karakana vyuma. Tangu hapo nimeuza grili mbili, moja kwa mama mkwe.

Nalalamika hivi:

1. Desta, Mhabeshi wa duka la kona, hajaiba kitu, na muda nimempa. Anafunga duka wa mwisho mtaani, na taa yake inamulika hadi kwangu. Mwizi gani atafanya kazi kwenye mwanga ule?

2. Ameweka benchi nje, vikongwe wote wamehamia hapo. Nilimshauri bibi mmoja wao, Gogo Mmaphefo, aweke grili. Akanijibu, "Ya nini, Elphas? Mwizi akipita hapa tunamuuliza kwanza yeye ni mtoto wa nani."

3. Wamalawi wamepanga vibanda vya uani. Zamani nyuani kulikuwa na giza, nami nikila. Siku hizi kila ua una mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini.

4. Hata wezi wetu wa kuzaliwa hapa wameharibika. Shemeji yangu Tumelo, aliyeniletea wateja wengi bila wao kujua, sasa anapakua mizigo kwa Desta. Analipwa.

Benki itachukua mashine yangu mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kamati ichague: wageni waibe kwa kiwango kilichotangazwa, au wewe, Ntate, ununue vyuma vilivyobaki, au wafukuzwe wote, wizi wetu wa asili upate kurudi.

Nisalimie mama watoto na wanakamati wote, hasa wasio na grili.

Wako mwenye vyuma,
Elphas Mabitsela

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Desta na Wamalawi wamekuja. Wameagiza grili za madirisha yote na mageti, wamelipa taslimu. Nimewauliza wanamwogopa nani. Desta akasema, "Ntate Elphas, si tumesikia Jumamosi kuna mkutano wenu tena?"

Tafadhali, usimfukuze mtu. Ila mkutano usiuahirishe.