Niliwapekua Wazee wa Posa

Leo nimeumbuka. Na ningeumbuka peke yangu ningeshukuru. Nimemuumbua na mdogo wangu Zuwena, ambaye adhuhuri alijifungia chumbani, na kila nilipogonga mlango alinijibu, "Sikujui." Posa aliyokuwa akiingoja mwaka mzima nimeirudisha mlangoni kwa mkono wangu mwenyewe. Hapa ninapoandika nimekaa uani, maana ndani sitakiwi.

Kwa msionijua, mimi Haji, mkuu wa ulinzi wa kampuni moja hapa Chake, Pemba, yenye hoteli na ghala la mwani. Walinzi wananipigia saluti. Lakini kampuni imesema siku hizi saluti haitoshi, mkuu wa ulinzi lazima ajue biashara: asome mizania, atetee bajeti yake, akae kwenye kikao cha mameneja bila kusinzia. Kwa hiyo nimeandikishwa mafunzo maalumu ya wakuu wa ulinzi. Tunasoma kwa simu, tunaonana kwa video, na mkufunzi wetu, Bi Neema, yuko Dar es Salaam. Nisipofaulu, nafasi yangu anapewa mtu kutoka Unguja. (Unguja, yakhe! Bora wangesema wananifunga.)

Wiki hii chakula hakipiti. Yote kwa sababu Bi Neema alituambia hivi: "Kabla wiki haijaisha, kila mmoja wenu mtu asiyemtarajia atajaribu kumhadaa. Ndio mtihani wenyewe. Na mkumbuke, matapeli wengine huwafuata wakuu wa ulinzi mpaka majumbani."

Tangu hapo kila mtu kwangu mtihani. Juzi muuza pweza kaniuliza habari za asubuhi, nikamuuliza anazitakia nini.

Leo asubuhi niko nyumbani, Gombani, nimekaa ukumbini na darasa linaendelea. Masikio nimeyaziba kwa vile vidude vya simu. Mama akaja akasimama mbele yangu, akasema maneno mengi. Naona midomo inakwenda, sauti siipati. Nikaitikia kwa kichwa: "Sawa, Mama." Akaridhika, akaenda jikoni. (Alikuwa akisema: wazee wa Gando wanakuja kumposa Zuwena, ami yako yuko njiani kutoka Msuka, wapokee wewe na uwakirimu mpaka afike. Hayo nimekuja kuyajua maji yameshamwagika.)

Somo la leo, dalili za tapeli. Bi Neema anasema tapeli mzoefu huja amevaa vizuri. Anakusifia. Anawajua jamaa zako. Na hasemi haraka anachokitaka. Namwitikia kwa kichwa, kidude cha sikio moja nimekichomoa nipanguse jasho.

"Hodi!"

Nikaishika simu kama silaha.

Nikafungua mlango nusu. Wazee wawili, kanzu zinang'aa, kofia za mkono, manukato mpaka barabarani. Mmoja amebeba mkoba. Wamevaa vizuri? Wamevaa vizuri sana. Nikaielekeza simu kwao darasa zima lione, nikamnong'oneza Bi Neema: "Wamekuja."

"Assalaam alaykum, mwanangu," akasema mwenye ndevu.

"Waalaykum salaam. Jina?"

Wazee wakatazamana. (Mpemba gani anamuuliza mzee jina kabla ya kumuuliza hali? Mimi.)

"Faki. Mzee Faki wa Gando. Na huyu ndugu yangu. Mashaallah, weye ndo Haji? Umekuwa mtu mzima! Marehemu baba yako tulikuwa naye sana."

Ananisifia. Anawajua jamaa zangu. Moyoni nasema, Haji, leo ndiyo siku yako.

"Mna shida gani?"

"Aa, si shida. Ni jambo la kheri."

"Jambo gani la kheri?"

"Hilo, mwanangu, halisemwi mlangoni." Akacheka taratibu. "Tungekaribishwa tukakaa, mazungumzo yangekuja yenyewe."

Hasemi anachokitaka! Nilikaribia kupiga makofi.

"Mmetumwa na nani?"

"Na kijana wetu. Anaijua nyumba hii. Kila akirudi kazini anapita hapa."

Ya rabbi! Wameshaweka na mtu wa kuichunguza nyumba! Nikaomba vitambulisho. Mzee Faki akatoa chake polepole, uso umeanza kubadilika, nikakipiga picha mbele na nyuma. Nikawaambia wasubiri pale pale juani, hakuna kuingia kivulini bila kukaguliwa. Halafu, jamani, nikaomba mkoba.

"Mkoba?" akauliza yule wa pili. Ndiyo mara ya kwanza kusema.

"Utaratibu, mzee. Hata waziri anakaguliwa."

Nikaufungua. Kanga jozi mbili. Udi. Halua ya Wete, kikapu kizima, bado ina moto. Mtu mwenye akili angeshaelewa. Mimi nikakumbuka somo la wiki iliyopita, kwamba rushwa kwa mkuu wa ulinzi huanza na zawadi ndogo ndogo. Nikaiinua halua juu wenzangu wa darasani waione vizuri.

"Mnaona? Wamekuja na rushwa!"

"Rushwa?" akauliza Mzee Faki.

Hapo ndipo biashara ilipopanda kichwani. Nikasimama katikati ya mlango, nikawapa wazee wa watu mhadhara wa faida na hasara. Nikawaambia kila mlango una gharama zake. Nikawaambia kumfungulia mtu usiyemjua ni hasara, kumzuia ni uwekezaji. Nikamaliza kwa kidole: "Mlichokifuata humu ndani hamkipati. Leo wala kesho. Kamwambieni aliyewatuma!"

"Tukamwambie hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na mwambieni ni mimi Haji niliyesema."

Ndani nikasikia kitu kimeanguka, na mtu analia. Sikujali. Nikaigeuza simu, kifua mbele: "Bi Neema, watu wako nimewagundua. Waambie wavue kofia, mchezo umekwisha."

Nyuso zote za darasani zimeganda. Nikadhani mtandao.

"Haji," akasema Bi Neema, taratibu kama anayezungumza na mgonjwa, "mimi sijamtuma mtu Pemba. Mtihani wenu unakuja kwa simu."

Nikageuka. Mama amesimama nyuma yangu na sinia la vikombe, na chai inamwagika na hana habari.

"Weye Haji," akasema, "umewafanya nini wakwe wa mwenzio?"

Lahaula! Nilichoweza kusema ni, "Karibuni ndani." Nikaishika mikono ya Mzee Faki niibusu, akairudisha kwenye kanzu yake. Mama anaomba radhi huku analia. Mimi naomba radhi huku nimekumbatia halua. Na simu, sikuizima! Darasa zima linatazama, jamaa mmoja wa Mwanza anacheka mpaka amepotea kwenye picha.

Nyinyi mnajua mambo yetu. Posa ikiletwa, upande wa binti ndio unaosema, tupeni muda tukashauriane. Leo Mzee Faki kaupokea mkoba wake, kaufunga, kamwambia Mama kwa adabu zote: "Basi, Bi Asha, tupeni muda na sisi tukashauriane." Wakaondoka. Ami akafika wakati vumbi la gari yao bado halijatua, akaniuliza wageni wako wapi. Sikumjibu, na mpaka sasa sijamjibu.

Kuanzia hapo nyumba ikawa matanga. Zuwena hakula. Kupitia mlangoni alinambia neno moja tu refu kuliko "Sikujui", nalo ni, "Wewe mlinzi, nilindie na uzee wangu humu humu ndani." Wallahi liliniuma. Mafunzo yenyewe sikuyataka tena, huyo mtu wa Unguja aje tu achukue kiti.

Baada ya alasiri simu ya Mama ikalia. Mzee Faki. Mama akaiweka kwa sauti, sote tukajibana mlangoni kwa Zuwena, naye akafungua nafasi ya jicho.

"Bi Asha, kijana wetu kagoma kula. Anasema hamtaki mwengine. Tumeshauriana, tumesamehe. Ijumaa baada ya sala tunarudi, inshaallah."

Mama kigelegele! Zuwena katoka mbio kamkumbatia Mama, kamkumbatia Ami, kanipita mimi kama nguzo. Sikujali, nililia kwa furaha.

"Lakini tuna sharti moja," akasema Mzee Faki.

"Semeni tu, baba, semeni!"

"Haji siku hiyo apangiwe zamu."

Mama kasema ndiyo kabla mzee hajamaliza. Zuwena kasema ndiyo. Ami pia, na yeye hata hajui nimefanya nini. Basi Ijumaa anaposwa mdogo wangu wa pekee, na mimi nitakuwa nalinda mwani ambao tangu niajiriwe hakuna aliyewahi kujaribu kuuiba. Msinicheke, tafadhalini.